Vidonda vya Kambare wa Bwana Daktari

Juzi mkaza mwanangu alirudi kutoka Hombolo na kambare mzima, mrefu kushinda mkono wake. Akambwaga uani, akaenda jikoni kuchota majivu, akaanza kumsugua ute. Mimi nilikuwa nimekaa zangu kivulini napepeta ulezi. Ile harufu ya majivu yaliyolowa ute wa kambare iliponifika puani, niliruka na ungo wangu, ulezi ukamwagika, kuku wakatimka.

"Acha! Acha mara moja, unamuua!"

Binti wa watu akaduwaa. "Mama," akasema polepole, "huyu keshakufa tangu asubuhi."

Kweli alikuwa amekufa. Nikarudi kukaa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akanitazama kwa wasiwasi kana kwamba uzee umeshanipanda kichwani. Hakuna njia ya kumweleza mtu wa umri wake. Lakini ninyi wenzangu, mliozaliwa kabla reli haijafika Dodoma, mliochanjwa ndui na Mjerumani mkilia kama mbuzi, ninyi mtanielewa.

Nilikuwa mtoto mdogo bado, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Mama yangu alikwisha fariki, nikawa mkia wa Shangazi Mwaja, dada mkubwa wa baba. Baba alichunga ng'ombe wa maziwa wa daktari mmoja Mjerumani aliyekaa karibu na stesheni, na shangazi aliosha vibuyu vya maziwa ya nyumba ile. Mnajua sisi Wagogo tunavyoosha kibuyu. Unatia kijinga cha moto, unatikisa, unasugua kwa majivu hadi ndani kutoe harufu ya moshi, na bila harufu ile hakuna mtu mwenye akili atakayekunywa maziwa yako. Shangazi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ukitaka kumtukana, mwambie chombo chake kina uchafu, halafu ukimbie.

Siku moja treni ilishusha sanduku la ajabu, la chuma pembeni na kioo pande zote. Wanaume walilibeba kwa mwendo wa kinyonga hadi barazani kwa Bwana Daktari, wakalijaza maji. Jamani! Mimi kioo nilichokijua ni kile kidogo cha kujitazamia uso, cha wachuuzi Warangi kutoka Kondoa. Sikujua kwamba kipo kioo cha kupenya macho. Nilichokiona ni maji yamesimama wima, peke yake, hayamwagiki. Nikaelewa papo hapo: Bwana Daktari ameyaamuru maji yasimame, nayo yametii, kwa kuwa askari, wapagazi na hata jumbe wetu walimtii, sembuse maji.

"Shangazi," niliuliza, "yakichoka kusimama itakuwaje?"

"Hayo si ya kuniuliza mimi," akajibu. Naye alikuwa amesimama mbali kidogo, asije akamwagikiwa.

Baadaye wakaja wavuvi wa Bahi na mtungi mkubwa uliofunikwa majani mabichi, na ndani yake alikuwamo kambare. Si kambare wa mchezo! Kichwa kipana, mgongo mweusi unaong'aa, tumbo jeupe, na sharubu ndefu huku na huku mdomoni. Walipommimina sandukuni alizunguka mara moja, akagonga kioo kwa pua, akatulia akitutazama. Bwana Daktari, ambaye naye alikuwa na sharubu ndefu zilizosokotwa kwa mafuta zikaelekea juu, aliinama akasogeza uso hadi kiooni. Wakatazamana, sharubu kwa sharubu. Basi nikajua jambo la pili: hawa ni ndugu. Ndiyo maana amemtafuta hadi Bahi, ndiyo maana amemjengea nyumba barazani na si zizini. Nilimwita samaki yule Masharubu, na sikuona haja ya kumwuliza mtu kama nimekosea.

Jamani, nilivyompenda Masharubu! Nilichimba minyoo kando ya kisima mpaka kucha zikaisha. Nikimfikia na mnyoo vidoleni, anapanda juu, anafumbua domo lake pana, anapiga hewa kwanza, pwaa, halafu ndipo anaufyonza mnyoo. Nilipiga kelele ya furaha kila siku kama vile ndiyo mara ya kwanza. Bwana Daktari alikuwa na Kiswahili cha kuunga-unga, akanieleza kwamba Masharubu atasafiri. Kuna bwana atakayekuja na treni ya kutoka bara, atamchukua hadi pwani, kisha merikebu, kisha Ulaya, kwenye nyumba kubwa ya samaki ambako watu wa mji mzima huenda kuwatazama. Nikaona ni haki, lazima aende kuwaamkia jamaa.

Bwana Daktari akamkabidhi shangazi usafi wa sanduku. Alimwonyesha kioo kwa kidole, akasema, "Safi! Kila siku, safi kabisa!" Maskini, hakujua anasema na nani. Kila asubuhi, yeye akiwa hospitalini, shangazi alipandisha nguo mabegani, akachota majivu ya jikoni kwa konzi, akazamisha mikono na kusugua kioo kwa ndani kwa nguvu zote. Masharubu akipita karibu, naye anasuguliwa. "Njoo hapa na makamasi yako," shangazi alimwambia, "mwili mzima unateleza, huoni aibu?" Kisha anachota maji machafu ya juu, anaongeza masafi, basi. Mchana Bwana Daktari akirudi anakuta kioo kinang'aa, anasema, "Safi sana, Mwaja!" Na shangazi, kwa kusifiwa, kesho yake anaongeza majivu.

Haukupita muda mrefu ngozi ya Masharubu ikaanza kufifia. Ule weusi uliokuwa uking'aa ukawa na utando wa kijivu. Kisha nikaona mabaka mekundu tumboni na ubavuni, ncha za mapezi zikachanika, sharubu zake mbili zikafupika kama zimetafunwa. Akawa anajikuna kwenye mawe. Minyoo akawa haitaki. Nilimkimbilia Bwana Daktari, nikamshika suruali, jambo ambalo mtu mzima asingethubutu.

"Bwana! Masharubu ana ndui! Mchanje haraka, kama ulivyonichanja mimi!" Nikamwonyesha kovu langu begani.

Alicheka, lakini alipoinama kiooni alinyamaza. Nikamwona amekuwa daktari kweli. Alinawa, akamgeuza Masharubu taratibu ndani ya maji, akatazama chini ya mashavu, akapapasa kila pezi. Akakwangua utando kidogo kwa kijiti, akaupeleka kwenye kile chombo chake cha kuchungulia vijidudu. "Hakuna dudu," akasema mwishowe. "Hakuna ndui. Labda mtungi wa Bahi umemkwaruza." Akampaka kwenye vidonda dawa ya zambarau, na sanduku zima likageuka rangi ya ua. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Nilidhani dawa yenye rangi nzuri vile haiwezi kushindwa!

Asubuhi shangazi aliikuta zambarau imebaki kwenye kioo. Mnaweza kukisia alivyoisugua.

Vidonda vikaongezeka. Bwana Daktari akampaka dawa tena, vikazidi tena. Na shangazi naye, kila akiona baka jipya, anaona ni uchafu umekataa kutoka, basi anasugua mpaka jasho. Siku moja Bwana Daktari alitoka ndani na chupa pana ya kioo, yenye mfuniko mzito, akaiweka barazani karibu na sanduku. Nikamwuliza ni ya nini. Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza habari za mvua: yule bwana wa treni hatapokea samaki mwenye vidonda, atakufa njiani. Kama hajapona treni ikifika, Masharubu atatiwa chupani, ndani ya spiriti, na atabaki hapa barazani. Wenye elimu wakija watamtazama hivyohivyo.

"Atakuwa mzima humo?"

"Hapana. Lakini hataoza."

Mnasikia hayo? Ndugu yake! Mtu anamtia ndugu yake kwenye pombe kali! Nililia barazani pale, nikalia njiani, nikalia nikifika kwetu, na baba akaniuliza nani amekufa. Nikasema bado.

Tangu siku hiyo sikubanduka sandukuni. Kila filimbi ya treni ilinipasua moyo, hata ya treni za kokoto. Nilikuwa nimekwaruzwa na miiba ya mkongowe nikimfuata ndama, mikono yote ina michirizi. Asubuhi moja, shangazi ameshamaliza kazi yake na kwenda kuanika vibuyu, nikaingiza mkono majini nimpapase Masharubu. Lo! Mikwaruzo yangu iliwaka moto. Nikautoa mkono, nikautazama, nikaurudisha. Ukawaka tena. Maji yenyewe yalikuwa yanateleza vidoleni, lakini si utelezi wa samaki. Na mimi, kwa akili ya kitoto inayotaka kutia kila kitu mdomoni, nikalamba.

Magadi! Ladha ileile ya maji ya majivu anayotilia shangazi mboga za mlenda ziive upesi, ladha ya kukwangua ulimi. Nikageuka kumtafuta shangazi, na pale alipokuwa ananyoosha kibuyu juani nikaiona mikono yake. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu bila kuiona. Imepasuka katikati ya vidole, kijivu juu, na ndani ya nyufa nyekundu. Yalikuwa yaleyale mabaka ya tumboni kwa Masharubu.

Nilikimbia mbio nikajikwaa nikaanguka nikainuka. "Shangazi! Si ndui! Si mtungi! Ni majivu! Mikono yako na tumbo lake, tazama, ni ugonjwa mmoja!"

Shangazi alinitazama, akatazama mikono yake, akaigeuza. Nilimwona anaelewa. Kisha nikamwona anaogopa, na hapo ndipo na mimi nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kuona shangazi anaogopa kitu. Sote tulijua kiboko cha boma kinavyolia. Watu walikuwa wamepigwa kwa kuvunja sahani.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi nyamaza." Akaketi chini, kibuyu mapajani. "Nikiacha kumsugua kimyakimya, atapona mwenyewe."

"Na treni je? Akipona treni imeshapita? Shangazi, chupa iko pale, ina mfuniko!"

Aliushika ule mkono wangu wenye mikwaruzo akaupuliza mahali panapowaka, akapuliza tena. Halafu akainuka, akajikung'uta, akafunga nguo yake vizuri kama mtu anayekwenda kwenye baraza la mashauri. Bwana Daktari alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka hospitalini, hata kofia hajavua.

"Bwana," shangazi akasema, "samaki wako nimemuumiza mimi."

"Wewe, Mwaja?"

"Mimi. Uliniambia safi, na safi kwetu ni majivu. Maziwa unayokunywa kila siku, kibuyu chake nakisugua kwa majivu. Sanduku nalo nimelisugua kwa majivu, na samaki pia. Sikujua anaungua. Mtoto huyu ndiye kaonja maji akajua." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja chini. "Tazama mwenyewe."

Nilijificha nyuma ya nguo yake, jicho moja nje. Bwana Daktari alipanda wekundu hadi masikioni, na sharubu zake zikatetemeka. Akaishika mikono ya shangazi, akaileta karibu na macho. Akaingiza kidole sandukuni, akakisugua na kidole kingine, akakilamba, akatema. Akasema neno la kwao, refu sana. Halafu, jamani, akaanza kucheka! Alicheka akashika nguzo. "Mimi natafuta vijidudu," alisema, "na jiko liko ndani ya maji!" Shangazi hakucheka. Alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Ute si uchafu, Mwaja," akamwambia alipotulia. "Huyu hana magamba. Ute ndiyo nguo yake. Unamvua nguo kila siku, kisha unamchoma."

"Sasa nifanye nini?"

"Sasa maji. Mengi. Haraka!"

Siku ile barazani kwa Bwana Daktari palikuwa kama kuna harusi! Shangazi alipiga vigelegele vya kuitana, wanawake wakaja na mitungi kutoka kisimani, hata baba akawaacha ng'ombe kwa jirani akaja na madebe mabegani. Maji ya zamani yalichotwa kidogokidogo, mapya yakaingia kidogokidogo, kwani Bwana Daktari alikataza kumshtua mgonjwa. Akaagiza hori la kunyweshea ndama lioshwe, kwa maji matupu, akalirudia neno hilo akimtazama shangazi, na hapo shangazi akacheka kidogo. Likajazwa maji, akamimina ndani yake chumvi ya Bahi, ile ya udongo, akikoroga na kuonja.

Nilipoelewa anataka kufanya nini nilimrukia mguuni. Chumvi! Juu ya vidonda! Aliyewahi kujikata akala embe bichi la chumvi anajua nilichokifikiria. "Mwache! Bora chupa!" nilipiga yowe, mimi niliyekuwa nikilia kwa ajili ya chupa hiyohiyo. Baba akanibeba.

Walilowesha mikono kwanza, kisha shangazi na Bwana Daktari wakamnyanyua Masharubu pamoja, kichwa kwa huyu, mkia kwa yule, wakamlaza horini. Alitikisika mara moja akatulia, mashavu yanapanda na kushuka. Bwana Daktari alinieleza baadaye kwamba anangoja ishara moja tu, samaki aanze kuegemea ubavu. Akiegemea, imetosha, anatolewa upesi. Ni shangazi aliyeiona kabla yake. "Sasa!" alipiga kelele, wakamtoa, wakamrudisha kwenye maji matamu, akazama, akakaa chini ya jiwe. Nikangoja. Alipanda juu polepole, akafumbua domo, akapiga hewa, pwaa! Watu walishangilia hadi stesheni wakasikia.

Wakamfanyia vile tena siku zilizofuata, na mimi nikawa sasa ndiye mkaguzi. Kila asubuhi nilibandika pua kiooni kutazama mabaka. Mekundu yakawa ya waridi, ya waridi yakazibwa na weupe mwembamba, weupe ukaanza kushika weusi kutoka pembeni. Shangazi aliketi na mikono yake imepakwa mafuta ya Bwana Daktari na kufungwa vitambaa, hana kazi, anaudhika kwa kukosa cha kusugua. Kioo kilishika ukungu wa kijani. Kilimkera sana. Alikuwa akijishika mkono kwa mkono asije akainuka.

Treni ya yule bwana ikapiga filimbi kabla hatujawa tayari, maana nani aliwahi kuwa tayari kwa treni? Mgeni alikuja barazani na viatu vyake vya vumbi, akaitazama chupa kwanza, halafu sanduku. Bwana Daktari alikunja mkono wa shati akaingiza mkono majini, akaupitisha mgongoni mwa Masharubu hadi mkiani, akautoa. Ute ulining'inia vidoleni, mzito, mwangavu, unavutika. Akaunyoosha mbele ya uso wa mgeni kwa fahari kama mtu anayeonyesha pete. Mgeni akarudi nyuma, akacheka, akatikisa kichwa kukubali. Akamwagizia Masharubu pipa.

Tulimsindikiza stesheni sote. Pipa lilipandishwa behewani, nikalia ninyanyuliwe, na shangazi akaninyanyua akinung'unika kwamba nimekuwa mzito. Masharubu alikuwa gizani ndani ya maji, nilizijua tu sharubu zake. Nikaingiza mkono. Akapita chini ya kiganja changu chote, kuanzia kichwa hadi mwisho, mzima, laini, hana hata mahali pa kukwaruza. Ndipo ikanijia kwamba kama asingepona angebaki hapa, chupani, ningemwona kila siku, na kwa kuwa amepona sitamwona tena. Treni ikavuta. Nikashushwa, nikakimbia sambamba na behewa mpaka kokoto zilipoanza kunichoma miguu, nikarudi nikilia na kuruka kwa pamoja, sijui ni kipi zaidi.

Kiganja changu kilikuwa kimejaa ute unaokauka kwa jua. Shangazi alikuwa mtu asiyevumilia ute hata wa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Alinitazama mkono ule, nami nikauficha nyuma, tayari kugombana. Alifungua vitambaa vyake vya dawa, akanyoosha mkono wake wenye ngozi mpya, akaushika wa kwangu. Hatukupitia kisimani, tulikwenda hivyo hadi nyumbani.